Nilisema Ni Yeye

Mlango uliotazamana na wangu ulikuwa wa mwanamke mweusi kama mimi, Mmarekani, mwalimu wa Kiingereza katika shule ya chekechea. Mimi nilitoka Dar es Salaam na nilikuwa na ofisi ndogo ya kupokea mizigo katika jengo hilohilo, kwenye barabara ya Huanshi Zhonglu, huko China. Kila Jumapili asubuhi alikuja kwangu kunywa chai, kwa sababu saa hizo kwao ni Jumamosi jioni, na mama yake huwa ametoka kumtazama mwanawe gerezani. Wakishazungumza kwa simu, hakupenda kubaki peke yake.

Huyo mwana alikuwa mdogo wake wa mwisho. Alifungwa miaka kumi na minane kwa wizi wa kutumia silaha kwenye kituo cha mafuta. Usiku ule alikuwa nyumbani, dada yake aliniambia, amelala sebuleni na homa. Lakini mwanamke mmoja Mzungu aliyekuwa ndani ya gari ng'ambo ya barabara alionyeshwa picha sita, akaweka kidole juu ya picha yake. Wakili aliyepewa na serikali alikutana naye mara mbili tu. Kati ya raia kumi na wawili walioketi kuamua kesi, kumi na mmoja walikuwa Wazungu.

"Mwanamke huyo hana Mungu," nilimwambia.

Akatikisa kichwa. "Anaye. Alidhani anasaidia. Nilimtazama mahakamani, alikuwa na uhakika kabisa."

"Mimi nisingeweza kufanya hivyo," nikasema. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejijua.

Haikupita miezi miwili, meneja wa jengo akaniita ofisini kwake. Tulimwita laobani, yaani bosi, kama tulivyowaita wote wenye kauli juu yetu. Simu mbili mpya zilikuwa zimepotea katika duka la chini, na kamera ilimwonyesha mtu akitoka na mfuko: mwanamume mweusi, mrefu, kofia imemfunika hadi kwenye nyusi, ameipa kamera mgongo.

"Wewe unawajua wote," aliniambia kwa Kichina. "Nani huyu?"

Mkataba wangu wa ofisi ulikuwa unaisha mwezi ule, na yeye ndiye wa kuusaini. Sitaki kujificha nyuma ya hilo, maana hakunitisha. Alinimiminia chai, akanisogezea kiti karibu na chake, na mimi nikafurahi kuwekwa upande ule wa meza. Nikaitazama picha. Ghorofa ya saba aliishi Mkongomani mrefu, mtu wa Lubumbashi, mbebaji wa mizigo. Sikuwa na ugomvi naye. Alivaa kofia.

Nikasema, "Ni yule wa ghorofa ya saba."

Neno "labda" kwa Kichina nalijua vizuri, kila siku nalitumia na wenye viwanda. Siku ile sikulitumia.

Walinzi wakapanda. Waliyatoa mabegi yake ukumbini, wakayamwaga chini watu wakitazama. Nilisikia kila kitu nikiwa kwenye mlango wa ngazi wa ghorofa ile, na kabla sijaufunga na kushuka nikaviona viatu vidogo vya watoto wa kike, jozi tatu, vimefungwa pamoja kwa kamba. Simu hazikuonekana. Hata hivyo meneja alimwambia aondoke siku hiyohiyo, na picha yake ikabandikwa kwenye kioo cha walinzi mlangoni.

Siku ya nne simu zikapatikana. Mfanyakazi wa duka alizifungia kwenye kabati la vitu vya matengenezo akasahau. Yule wa kwenye kamera alikuwa mteja tu, tena amelipa. Meneja alinieleza akicheka. "Ninyi mnafanana sana," akasema. Nami nikacheka. Kila nikikumbuka, kicheko kile ndicho kinachonichoma kuliko hata uongo wenyewe.

Jumapili iliyofuata nilimsimulia jirani yangu, nikiwa nimempa mgongo, nageuza chapati.

"Umekwenda kwake?" akauliza.

"Bado."

"Mama yangu ameacha kuomba ndugu yangu atoke. Anachoomba siku hizi ni yule mwanamke aje, akae mbele yake, aseme alikosea. Hajaja." Akaweka kikombe chini na kuondoka. Chai ilikuwa bado imejaa.

Nilimpata Mkongomani karibu na stesheni ya treni, eneo la Liuhua, kwenye masoko ya jumla ya viatu, akivuta mkokoteni wenye marobota matatu. Aliponiona alisimama, hakuuachia mpini.

"Kaka, ni mimi niliyesema ni wewe," nikamwambia.

"Ninajua, mama. Watu wote walitoka kunitazama. Weye peke yako ulifunga mlango." Akajipangusa jasho. "Ulinionaka na macho yako?"

"Hapana."

"Basi sababu gani?"

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, ya mkataba, ya haraka, ya picha mbaya. Yote yalikuwa kweli, nami nikayaacha. Nikamwomba radhi. Alisema radhi ile ya barabarani haimsaidii kitu. Watu wa Huanshi walikuwa wameanza kumnyima mizigo. "Uyaseme kulekule ulikosemea," akasema. "Na kwa Kichina, wale walinzi wasikie."

Tukaenda pamoja kwa treni ya chini ya ardhi. Pale mlangoni nikamwita meneja, nikasema mbele ya walinzi kwamba sikumwona mtu huyu, kwamba nilisema tu. Sauti ilinitoka ndogo, mlinzi mmoja akaniambia nirudie. Nikarudia. Meneja alikasirika, akauliza kwa nini ninaleta maneno juu ya jambo lililokwisha. Mkataba alikuwa ameshausaini siku mbili kabla, na nilijua hilo nilipokuwa nikizungumza. Ningekuwa na ushujaa huo kabla? Sijui, na kutojua huko ninaishi nako.

Mkongomani alipewa ruhusa ya kurudi chumbani kwake. Akasema hakitaki. Aliibandua picha yake kwenye kioo, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Kisha akatoka bila kuniaga, wala hakuwa na sababu ya kuniaga.