Kiwanja cha Mke Mwenzangu

Mjukuu wangu wa kike namwita mke mwenzangu. Utani wa kwetu ndivyo ulivyo: binti wa mwanao ni mke wa babu yake, yeye bi mdogo, mimi bi mkubwa. Basi bi mdogo huyu alihamia kwangu Dutumi na kompyuta yake, kwa sababu nyumba yangu ina umeme, ina vioo madirishani, na hainaga kelele. Nyumba hiyo nimeijenga mwenyewe kwa kusuka makuti na kuuza mihogo, na shule niliiacha darasa la pili. Sisemi kwa kujisifu. Au nasema kwa kujisifu, nani atanizuia.

Kazi yake ni kupiga filamu, ila hapigi huku tunakoishi. Anapiga ndani ya dunia nyingine iliyomo kwenye kompyuta. Watu wa kila nchi wanaingia humo, kila mmoja na mwili wake wa kuchorwa, wanapewa viwanja, wanajenga. Yeye alikuwa na kiwanja kitupu. Udongo mwekundu na nyasi kidogo, kama ule wa Kibuta. Kamera yake inapiga picha moja, inatulia, inapiga nyingine, siku nzima. Halafu anaziunganisha na kuzikimbiza, unaona jua linachomoza na kuzama kwa muda wa kumenya muhogo mmoja.

"Na uwanja wenyewe unafanya nini?" nilimuuliza.

"Haufanyi kitu, bi mkubwa. Vivuli vya mawingu tu vinapita."

"Basi ungepiga huu wangu wa nje. Una kuku."

"Kuku wako hawatulii. Na jua la hapa zito. La kule linazama mara nyingi kabla hili halijafika utosini."

Alinitengenezea na mimi mwili wa humo: bibi mfupi, khanga ya njano, mtandio kichwani. Nikamwambia nyuma amenipunja, akaongeza. Akanifundisha kutembea kwa vidole, kupanda na kung'oa, akanipa ruhusa ya kufanya kazi kiwanjani mwake kama mwenye nyumba, maana humo kupanda aweza mpita njia yeyote, kung'oa ni mwenyewe tu. Jioni nyingi tulikaa hivyo mkekani, mabega yamegusana, namuuliza maswali ya kijinga makusudi ili aendelee kunieleza.

Kulikuwa na watu wa ukumbi mmoja Dar waliotaka kuonyesha kazi yake, mara ya kwanza katika maisha yake. Siku moja akaamka na kuniambia wanaitaka kesho yake asubuhi. Mara mbili umeme ulikuwa umekatika katikati ya kupiga, kwa hiyo siku ile ilikuwa ndiyo siku yenyewe. Ikiharibika, nafasi anapewa mwingine. Akawasha kamera mapema, akatoka kwenda Mlandizi kuonana nao.

"Usiguse kitu, bi mkubwa. Asipite mtu mbele ya kamera. Umeme ukikatika, bonyeza hiki cha betri, basi."

"Nenda. Nimelinda mashamba yasiliwe na nguruwe, nitashindwa na uwanja?"

Nikakaa. Mzee wangu alikuwa mlangoni na kahawa yake. Mawingu yakapita, vivuli vikapita, nikasinzia kidogo. Nilipofumbua macho kulikuwa na mtu kiwanjani. Kichwa cha ndege, koti la bluu. Ameinama. Akainuka, pale alipoinama pana mti.

Akasogea. Akapanda wa pili.

Hapa lazima niseme jambo la Mzenga nilikozaliwa. Kwetu shamba la kuazimwa unalima vya msimu: mtama, mahindi, kunde. Mti hupandi. Mti ukishika, na ardhi umeishika. Baba yangu alimwazima mtu shamba, yule mtu akachomeka mikorosho pembeni. Watu wakamwambia baba, achana naye, ni mitatu tu. Mikorosho ikazaa. Siku ya kuamua, wazee wakauliza miti ya nani, kila mtu akasema ya yule. Na shamba likawa la yule. Ndiyo maana niliponunua ardhi yangu Dutumi nilianza na mikorosho, nyumba baadaye.

"Kuna mtu anapanda miti kwa bi mdogo," nikamwambia mzee wangu.

"Achana naye. Shamba la kwenye kioo."

Angesema neno lingine lolote.

Nikamleta bibi wa khanga ya njano, nikang'oa wa kwanza, nikang'oa wa pili. Yule ndege akanitazama. Akapanda tena. Nikang'oa tena. Akaandika maneno ya lugha nisiyoijua, nikayaacha hapohapo. Akipanda kule, nang'oa huku. Jua la humo likazama, likachomoza, sisi tupo. Wali niliupika kwa kukimbia, ukaungua.

Bi mdogo alirudi alasiri.

"Shikamoo, bi mkubwa. Kiwanja hakijambo?"

"Marahaba. Kipo. Kulikuwa na mvamizi."

Akatazama kioo, akakaa mkekani bila kuvua viatu. Mzee wangu akachukua kikombe chake akaenda nyuma ya nyumba, mwoga yule. Ndipo nilipokumbuka kamera.

Hakunigombeza. Alizikimbiza zile picha, na mimi nikatazama kosa langu. Mwanga unapita, giza linapita, na miti inatoka ardhini na kuzama, inatoka na kuzama, kama kifua cha mtoto aliyelala. Na katikati kitu cha njano kinahangaika huku na huku. Akarudia mara ya pili.

"Kwa nini uliing'oa?"

Nikamweleza ya Mzenga. Alikuwa hajawahi kuyasikia. Kisha akayasoma yale maneno ya yule ndege.

"Anasema aliona kiwanja hakina kivuli, akakionea huruma. Anauliza kama mnacheza au umekasirika."

"Mwambie mti si ubaya. Ubaya ni pale alipouweka."

Yule ndege alikuwa bado amesimama, anangoja. Na kamera bado inapiga. Nikamwendea. Nikaichukua miti yake mmoja mmoja, nikaipanga mpakani, kama tunavyopanda minyaa baina ya jirani na jirani. Alitazama miwili mitatu, akaelewa, akaanza kupanga upande wa pili. Tulikutana kona.

"Imeharibika?" nikamuuliza bi mdogo.

"Naipeleka hivihivi." Akaniegemea. "Ila babu kaniambia pale mlangoni wali uliungua, bi mkubwa. Nimeolewa nyumba gani hii?"

Waliionyesha Dar. Sikwenda, ulikuwa msimu wa kuokota korosho. Aliniambia watu walitaka kumjua yule bibi wa njano, akawajibu, "Ni mke mwenzangu," wakadhani hawakusikia vizuri.

Siku hizi naingia mara mojamoja kutazama mpaka. Miti imekua. Ule wa kona ni wa upande wetu, na nilihakikisha bi mdogo amemwandikia yule ndege hivyo mapema.