Babu Aliyekatwa na Kompyuta

Juzi, nikiwa kwenye foleni katika ofisi ya chama cha wakulima Kilwa, karani alimwonyesha mama mmoja wa Mitole orodha aliyoitoa kwenye mfumo wa kufuatilia magunia ya korosho.

"Mama, gunia lililokataliwa kwa unyevu ni lako. Jina lako hili hapa, na la baba yako."

Mama akaweka kidole pembeni mwa karatasi. "Na babu yangu yuko wapi?"

"Amekatwa. Nilibana safu zitoshe ukurasa mmoja."

"Mwanangu, Mitole tuko watatu wenye jina hili, na baba zetu jina moja. Mrudishe babu."

Karani akapanua safu, akachapa upya. Babu aliyetokea alikuwa wa mtu mwingine.

Tangu siku hiyo sisaini karatasi ya ofisi yoyote kabla sijamwona babu yangu.