Kanga ya Mwanamke wa Kijani

Nimesimama mlangoni pa chumba cha kuoshea maiti, na harufu ya kafuri imenipiga puani. Bibi yangu alikuwa akinukia hivi hivi. Yeye ndiye aliyewaosha wanawake wenzake wa Kizanzibari walipofia huku ughaibuni, mtaani kwetu Sharpstown.

Nikiwa mtoto nilimburuta makumbusho, siku ya kuingia bure, tukatazame picha zilizochorwa na Wajerumani na Waustria. Moja ilikuwa ya mwanamke uchi, kalala chali, ngozi ya kijani, mbavu nje.

"Lahaula! Nani kamwacha mwenzake hivi?" Bibi akavua kanga yake ya begani, akamfunika.

Mlinzi akamdaka mkono, akaupinda. Bibi akamng'ata. Akabwagwa sakafuni, kidevu kikapasuka, kanga ikachanika na kulowa damu.

"Mstiri, mjukuu wangu!" alinipigia kelele. "Mstiri!"

Mlinzi akanigeukia, akaniuliza kama bibi huyu ni wangu. Watu wote walikuwa wakinitazama. Nikajibu, kwa Kiingereza safi, kwamba simjui.

Sasa mlango umefunguliwa. Mwosha ananiuliza marehemu ni nani wangu. Nampa ile kanga iliyochanika, amstiri bibi yangu.