Kitanda cha Raheli

"Mama Sila, hivi humu ndani mwako kuna kitu ulichonunua dukani?" Asma, jirani yake wa pale Makole, alimuuliza Raheli siku moja, macho yakizunguka sebuleni.

Raheli akafikiri kwanza. "Pasi. Na yenyewe nimemwazima mtu."

Wakacheka, ila swali lilikuwa la haki. Makochi aliachiwa na mwalimu aliyehamishwa. Kabati la vyombo lilitoka kwa dada yake, mlango mmoja unafungwa kwa kipande cha kanga. Kwenye ukoo wao ndivyo wanavyoishi: ukipewa kitu hukiuzi, na aliyekitoa hakiulizii tena. Ukishakuwa na kizuri zaidi, unampa mwingine, basi. Kitanda kikihama, huhama na chaga zake zote, na bolti zimefungwa kwenye kitambaa. Kupunguza hata moja ni aibu.

Mwaka juzi Erica, binti wa kaka yake, alijifungua mapacha kule Mlali. Raheli akafungua kitanda chake cha mninga, akakipakiza kwenye lori lililokuwa likifuata alizeti. "Mimi nitapata kingine," akamwambia. Kweli vilipita mikononi mwake vitatu, lakini kila kimoja kilikuta kuna mtu ambaye yeye alimwona ana shida zaidi. Akatandika godoro sakafuni, akawa anafunga mlango wa chumba wageni wakija, na kila asubuhi akamshukuru Mungu kwa paa.

Mwezi wa saba mwaka huu magoti yakamgomea. Asma alimletea uji, akasukuma mlango wa chumba, akasimama palepale.

"Kumbe unalala chini!"

"Joto, Mama Tabu."

"Joto la mwezi wa saba, Dodoma hii? Usinichekeshe nikamwaga uji."

Raheli akajaribu kuinuka, akashindwa, akashika ukuta. Safari ya pili Asma akamvuta mkono. Jana yake, akasema Raheli, alikaa chini mpaka jua likapanda, akingoja miguu ikubali.

"Mpigie Erica."

"Nimdai nilichompa? Tena keshampa mama mkwe wake. Aliniambia mwenyewe, nami nikafurahi."

"Nani kasema udai? Omba! Au wewe unaomba kwa Mungu tu, binadamu tunakutia kinyaa?"

Raheli akanywa uji nusu kikombe, akaomba simu yake iliyokuwa dirishani. Iliita kidogo tu.

"Shikamoo shangazi!"

"Marahaba, mwanangu. Mapacha hawajambo?"

"Hawajambo, wanapigana tu hapa. Kuna nini? Mbona asubuhi yote hii?"

Raheli akamtazama Asma. Asma akageukia dirishani, akajifanya anakunja pazia.

"Erica, kile kitanda sikidai, akilalie mama kwa amani. Ila ukisikia mtu anatoa kitanda, safari hii nitaje mimi. Kiwe cha juu kidogo. Nalala chini, na magoti yananiuma."