Kazi Nataka Siyo Wewe

Romani anakaa Kiwalani kwa mjomba wake mchonga vinyago, sehemu ambayo ndege zinapita chini kiasi cha kukukatisha maneno. Watu wa huko wameshazoea. Mtu anaomba "nipe hiyo chum—", ndege inapita, anasubiri mdomo wazi, kelele zikiisha anamalizia "—vi". Romani aliletwa kutoka Masasi akiwa mdogo, akakulia katika utaratibu huo mpaka ukamwingia kwenye mifupa. Anakatisha sentensi katikati hata kama angani hakuna kitu. Ofisini kwetu Tandika tulikuwa tunamkodolea macho tu, tunangoja ndege isiyokuwepo ipite.

Ofisi ni yangu, naitwa Shelina. Iko juu ya duka la vifaa vya ujenzi la baba yangu, mzee Haiderali, kwa hiyo wageni wangu wote wanafika wakinukia rangi. Tunatengeneza programu za maduka, ili mwenye duka aone kwenye simu yake nini kimebaki na nini kimekwisha. Tulikuwa watatu: Romani wa kuandika programu, Jenipher, binti wa Ukonga, wa kuijaribu mpaka iharibike, na mimi wa kugombeza. Kugombeza nakuweza, sifichi.

Kazi yetu yote inakaa kwenye stoo ya mtandaoni. Baba aliponiuliza ni stoo gani hiyo isiyo na mlango, nilimwambia ni kama yake ya chini, ila hii haisahau. Ukiweka kitu inakipa namba, inaandika nani kaweka na lini. Ukikitoa, inakumbuka kwamba kilikuwepo. Na ukitaka kujua kuna nini ndani huna haja ya kubeba mzigo mzima, unaomba orodha tu na majina yanakuja yamejipanga. Baba akasema angepata stoo ya namna hiyo angempumzisha Hija, mtunza stoo wake, ambaye husahau hata mlango alioingilia.

Jenipher alikuwa bingwa wa kuomba orodha. Kila asubuhi, kabla hajavuta chochote kwenye kompyuta yake, anachungulia kwanza stoo ina nini. Mwenyewe alisema analinda bando lake la intaneti. Mimi namjua, ni umbea tu. Hata hotpoti yangu ya chakula cha mchana haikuwahi kukaa ofisini bila yeye kuifunua kifuniko.

Romani yeye alikuwa mwendawazimu wa kazi. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na ili aweze kuingia hata Jumapili baba alimpa ufunguo wake mwenyewe wa mlango wa nyuma, maana mzee alichoka kupigiwa simu aje kufungua akiwa nyumbani na wajukuu. Tena alikuwa na sheria moja aliyotusumbua nayo: kitu kimoja, namba moja. Haweki vitu viwili stoo kwa mkupuo. Anaweka hiki, stoo inakipa namba yake, ndipo anaweka kingine. Nilikuwa namtania kwamba hata wali anakula punje kwa punje.

Kwamba anampenda Jenipher, asiyejua alikuwa Jenipher peke yake. Baba alijua. Hija alijua, na hakusahau. Siku moja nilimsikia kwa masikio yangu akijikaza, "Jenipher, mie naku—", akanyamaza. Tukangoja wote. Ndege yake ilipopita akamalizia, "—letea ule ukurasa wa risiti." Nilitamani kumrushia kiatu.

Halafu Jenipher akapata kazi bandarini Mtwara. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho kwetu. Alhamisi jioni alinikabidhi kila kitu chake kilichokuwa stoo, ikabaki folda tupu yenye jina lake. Alipokuwa anafunga mkoba alimgeukia Romani na kumwambia, wala si kwa utani, "Wewe unataka kazi tu, Romani. Sie watu hutuoni." Romani akafungua mdomo. Ndege yake ikapita. Jenipher hakungoja iishe, akashuka zake ngazi.

Yaliyofuata nilikuja kusimuliwa na Romani mwenyewe. Usingizi haukumjia vizuri, na Ijumaa asubuhi akawahi ofisini akiwa ameamua: mdomo umemshinda, basi aachie vidole. Alijua Jenipher atachungulia stoo kama kawaida yake, awe anaondoka au haondoki. Akaingia kwenye ile folda tupu ya Jenipher, akaanza kutengeneza folda nyingine ndani yake, kila moja akiipa jina la neno moja. Nataka. Wewe. Siyo. Kazi. Mwalimu wa Kiswahili angemsahihisha aandike "nakutaka", lakini Romani alisema neno hilo likikaa peke yake kwenye kioo cha kompyuta linamfanya mtu aonekane mhuni.

Akaziweka moja moja, kwa sheria yake, akakimbilia dukani kwa baba kujificha nyuma ya makopo ya rangi. Alichosahau, na miaka yote hiyo ya kuishi na stoo, ni kwamba orodha haijali nani katangulia kuingia. Inayapanga majina kwa alfabeti, kama mahudhurio ya darasani.

Jenipher akaja, akaketi, akachungulia. Kwenye kioo maneno yalikuwa yamesimama hivi:

kazi
nataka
siyo
wewe

Muda si mrefu Romani akapanda juu, shati limemganda mgongoni, akauliza kwa sauti ya chini kama ameona.

"Nimeona," Jenipher akajibu bila kugeuka. "Asante kwa kuniambia ukweli."

Romani akaelewa kwamba kakataliwa kistaarabu. Akaitikia kwa kichwa, akashuka tena. Baba anasema alipofika chini alianza kupanga bawaba za milango kwa ukubwa, hakuna aliyemtuma, na alipoulizwa kulikoni akasema kazi ni kazi tu mzee.

Mimi nikaitwa. "Dada Shelina, njoo uone nilivyoagwa." Nikaja, nikasoma, damu ikanipanda. Binti wa watu amekaa nasi vizuri, hata kama hampendi, ndiyo amwandikie hivyo siku ya kuondoka? Nilitaka kushuka pale pale nikamvae. Lakini nikakumbuka kwamba mimi ni bosi, na bosi hashuki mikono mitupu. Nikamwambia Jenipher aombe orodha ndefu, ile inayokuja na jina la aliyeweka, saa aliyoweka na namba, ili nikifika chini Romani asiwe na pa kutokea.

Orodha ndefu ikaja. Jina la Romani lilikuwa pembeni ya kila neno. Nikageuka kuuelekea mlango.

Jenipher akanishika mkono. Kidole chake kilikuwa kimegusa kioo cha kompyuta, jambo ambalo nalikataza kila siku, na safari hii sikusema kitu. Namba zilikuwa zimevurugika. "Kazi", aliyejifanya kiongozi wa orodha, alikuwa na namba kubwa kuliko wenzake wote, maana yake kaingia wa mwisho. Jenipher akaitafuta namba ndogo kabisa.

"Nataka," akasoma. Kidole kikashuka mpaka chini. "Wewe." Kikapanda kidogo. "Siyo." Kikaruka juu kabisa. "Kazi."

Tukatazamana. Sijui nani alianza kucheka, nadhani ni mimi. Tulicheka mpaka mtandio ukanidondoka, Jenipher akawa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, anarudia kusoma kwa kidole, nataka, wewe, siyo, kazi, na kila akifika mwisho tunaanza upya. Baba akagonga dari kwa mpini wa ufagio kuuliza kama tumevamiwa. Nilikuwa na furaha utadhani nimeandikiwa mimi.

Nikamwambia ashuke akamwambie. Akagoma katakata. Kama Romani kaandika stoo, na yeye atajibu stoo. Sasa hapo ndipo ishu ilipoanza, maana jibu nalo lilitakiwa lipite kwenye alfabeti likiwa zima. Alianza na "Njoo kwetu Ukonga Jumapili", tukaomba orodha, ikatuletea "Jumapili kwetu njoo Ukonga", nikamwambia hilo ni tangazo la ngoma ya mtaani. Akafuta. Nikapendekeza aandike "ndiyo" yaishe. Akasema ndiyo moja kavu haimtoshi, amengoja mno ndege za huyu mtu. Akatafuna mfuniko wa kalamu, akahesabu herufi kwa vidole, akanifukuza nisimchungulie, nikachungulia hivyo hivyo. Mwishowe akatengeneza folda mpya aliyoiita "Jibu", akaanza kuweka maneno yake ndani, moja moja, kwa sheria ya Romani mwenyewe.

Baba akamwita Romani kwa niaba yangu. Alipanda akiwa bado na bawaba mkononi, uso wa mtu anayekwenda kupewa barua ya kufukuzwa. Nikamwambia achungulie stoo sasa hivi kabla sijambadilikia. Akaketi kwenye kompyuta yake, akayaona kwanza maneno yake mwenyewe yalivyopangwa kwa alfabeti, akajishika kichwa, ndipo akaifungua folda ya Jibu.

basi
njoo
nyumbani
ujitambulishe

Hilo neno la mwisho mtu hamwambii rafiki wa kazini, ni la mchumba anayekwenda kuonana na wazazi. Romani akalisoma, macho yakarudi juu ya orodha, yakashuka tena mpaka kwenye neno hilo. Akafungua mdomo, akakwama. Tulingoja. Ndege hii ilikuwa ndefu kuliko zote, na Jenipher safari hii hakuchukua mkoba, alikaa pale pale mikono mapajani akaingoja mpaka ikaisha.

Ilipoisha, Romani akaigeukia kompyuta. Akaomba orodha ndefu. Namba zikaja zimefuatana vizuri kutoka juu mpaka chini, "basi" wa kwanza, "ujitambulishe" wa mwisho. Hapo ndipo akaamini.

"Lini?" akauliza.

"Jumapili," Jenipher akasema. "Mie Jumatatu nasafiri."

Romani akasimama. Akaingiza mkono mfukoni, akautoa ule ufunguo wa mlango wa nyuma, akaja kuuweka mezani kwangu, juu ya hotpoti. Hakurudi kuuchukua.