Mgeni Ale Kwanza

Kwa Waseminole, wenyeji wa asili wa Florida, mgeni haulizwi neno kabla hajala. Nahoki aliushika utaratibu huo hata vitani, hata baada ya askari wa Marekani kuyachoma mashamba yake na kumsukuma mpaka kisiwa kidogo katikati ya vinamasi vya Florida. Mahindi yalikuwa yanaisha, lakini chungu cha sofki, ule uji wao mwepesi, hakikukosekana mekoni.

Asubuhi moja kaka yake, Fus Hajo, alitokea kwenye nyasi ndefu, miguuni buti mpya za kijeshi. Nahoki aliziona buti zile, akajua kaka yake sasa anawatumikia askari. Wanaume walikuwa mawindoni. Kambini walikuwepo yeye na bintiye Tilayi tu, aliyekuwa akimnyonyesha mwanawe.

"Umenona, kaka," Nahoki alisema. "Naona huko ngomeni wanakulisha hasa."

"Wananilisha, dada. Nimekuja na neno."

"Neno halina miguu, halitakukimbia. Kula kwanza."

Neno lenyewe kila mtu alilijua: pandeni meli, mkaishi magharibi, hii si nchi yenu tena. Akikataliwa angepiga mluzi, na askari waliojificha nyasini wangewakamata wote. Lakini mtu anayekula hasemi habari, na Fus Hajo, pamoja na uoza wake wote, alilelewa na mama yuleyule.

Nahoki alimjazia bakuli. Kisha akasema bila kugeuka, "Tilayi, kachote maji. Mchukue na mtoto, asije akampigia mjomba kelele."

Mtungi ulikuwa umejaa pomoni. Tilayi aliutazama, akamtazama mama yake, akambeba mtoto na kushuka nyuma ya miti, kulikofichwa mtumbwi.

Fus Hajo naye aliuona mtungi. Alimaliza uji, akafuta mdomo taratibu.

"Ongeza, dada," alisema.

"Hivi wewe unashiba lini?"

"Sijui. Ongeza tu."

Alikula mpaka jasho likamtiririka, mpaka kila kijiko kikawa adhabu, machozi yakimdondokea bakulini. Yalikuwa mahindi yao ya mwisho. Nahoki aliyakwangua yote akampa.

Askari walichoka kungoja, wakaja bila mluzi. Walimpiga Fus Hajo kwa kitako cha bunduki, wakaichoma kambi, wakawapakia ndugu hao wawili melini. Huko magharibi baridi ilimuua Fus Hajo mapema. Nahoki alimlilia, na aliichukia nafsi yake kwa kumlilia.

Aliishi huko miaka mingi. Kila walipoletwa watu wengine kutoka Florida aliwapikia sofki, na wakishashiba aliwauliza: hamkumwona Tilayi, mwenye kovu kidevuni, ana mtoto wa kiume? Hawakumjua.

Hatimaye aliletwa Yaha, mwindaji wa kambi yao wenyewe. Alikuwa amezeeka, lakini Nahoki alimtambua kwa mbali. Huyu angejua. Swali lilimjaa kinywani, lakini alimketisha, akamjazia bakuli, akangoja kama inavyompasa mwenyeji.

Yaha alikula polepole, macho chini. Alipomaliza, Nahoki alifungua mdomo.

Yaha alimnyooshea bakuli bila kumtazama usoni.

"Ongeza, dada," alisema.

Nahoki akaongeza.