Rojo la Mwenye Kunyonyesha

Chakacha, chakacha. Ni njugu zikipepetwa kwenye ungo. Hata leo nikiusikia mlio huo sokoni Malaba, hugeuza njia.

Mwaka ule wa mvua nyingi, kabla ya Uhuru, njugu zilikataa kukauka. Mama alizichambua. Zilizo nyekundu na nono zilikwenda kituo cha reli, zikauzwa kwa abiria wa Uganda. Zilizosinyaa na kuota ukungu wa kijani zilibaki nyumbani. Kwetu njugu haikutupwa. Ukiikaanga sana harufu ya ukungu huisha, nasi tuliamini ubaya umekwenda nayo.

Dada yangu alikuwa amerudi kwetu kujifungua mtoto wake wa kwanza. Rojo la njugu huleta maziwa, kwa hiyo lilikuwa lake peke yake. Sisi wengine tulikula ugali wa wimbi na mboga, tukimeza mate. Mimi niliishia darasa la nne, lakini bado niliota kofia nyeupe ya nesi, basi kwa kule kumsagia rojo juu ya jiwe nilijiona nimeshaajiriwa. Mama asipotazama, nilimwongezea kijiko.

"Nesi wangu," alinitania siku moja, "leo rojo ni chungu. Umelisaga ukimuwaza mchumba gani?"

"Dawa haiwi tamu, dada. Kula, mtoto anangoja."

Akala.

Baada ya wiki kadhaa macho yake yaligeuka manjano kama ua la boga. Tumbo likavimba, maziwa yakakauka. Mtoto alivuta, akalia, akavuta tena. Majirani wakasema ni jicho baya la mtu. Tulimpeleka zahanati ya Amagoro, na dresa aliyetibu wagonjwa pale, mzee mpole, akauliza anakula nini. Mama akamwambia, akamwonyesha kiganja cha njugu alizobeba. Mzee akazinusa.

"Nani mwingine nyumbani anakula hizi?"

Hakuna. Tulimwekea yeye tu, kwa kumpenda.

Tulimzika kabla wimbi halijavunwa. Mtoto alibaki, akalelewa kwa maziwa ya ng'ombe.

Njugu nusu debe zilikuwa bado jikoni. Siku ya pili ya matanga, wote wakiwa uani na wageni, niliingia peke yangu nikazikaanga mpaka zikawa makaa, zisije zikaota, nikazifukia nyuma ya choo. Kisha nikaliosha lile jiwe.